Hatukuya kupija hodi

Juzi Alhamisi baada ya adhuhuri kaja kijana mmoja hapa saiba yangu ya kutype na kutoa kopi, mtoto wa mtaani namjua tangu yuko madrasa, kashika karatasi imekunjwa mara nne, akaniambia kaka niandikie barua ya kuomba kibali cha maandamano. Nkamwambia barua hiyo siiandiki. Akashtuka, akadhani naogopa. Nkamwambia vuta hicho kiti ukae nikwambie kwa nini siiandiki, na wallahi tulikaa mpaka laasiri, watu wa kopi wanaingia wanatoka na mimi naongea tu.

Nliyomwambia yeye ndiyo nataka kuwaandikia nyinyi, manake si yeye peke yake. Mwaka wa tisa huu naandika barua za watu hapa Langoni, mji wa Lamu, barua za chifu, za basari, za kudai shamba, za kuomba kazi, na kila anayekuja na habari ya maandamano huja na neno lilelile, kibali. Wazee wenye akili zao wasema kibali. Walimu wasema kibali. Redioni wasema "waandamanaji hawakuwa na kibali" na sisi twaitikia kwa kichwa kama kwamba wamekosea kweli. Na neno hilo kwenye sheria halimo, nimeisoma mwenyewe, nimeitoa kopi nimeibandika ukutani karibu na mashine.

Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 37 yasema kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango yake na kupeleka malalamiko kwa serikali, sharti awe wa amani na asiwe na silaha. Halafu kuna ile Public Order Act, sheria ya utulivu wa umma, sura ya 56. Hiyo ndiyo polisi wanayoishika, na hata hiyo kifungu chake cha 5 chasema umpe mkuu wa kituo NOTISI, isipungue siku 3 kabla wala isizidi 14, uandike jina lako na unapokaa, siku, saa ya kuanza na kumaliza, na mahali au njia mtakayopita, na iwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Basi. Na mkuu wa kituo akipokea, sababu ya kukwambia siku hiyo haiwezekani ni moja, kwamba kuna wengine washampa notisi ya mahali papo hapo na saa iyo hiyo. Haikuandikwa akuulize nani amekutuma. Haikuandikwa akuulize una chama gani.

Kuna na kitu kingine ambacho watu hawakijui kabisa. Sheria hiyohiyo yasema mkuu wa kituo aweke rejista ya notisi zote alizopokea, na rejista hiyo iwe wazi kwa mtu yeyote anayetaka kuitazama saa za kazi. Mtu yeyote, hata wewe unayesoma hapa. Mimi sijawahi kusikia mtu hapa Amu, yaani Lamu, ameingia kituoni akasema naomba kuona rejista ya notisi. Labda tuanze.

Zamani ilikuwa kibali kweli, hilo lazima niseme ili msiwaone wazee wetu wajinga. Kabla ya 1997 ulikuwa waenda kwa DC, mkuu wa wilaya, upewe laiseni, na DC akikataa amekataa, mkikusanyika bila hiyo mnashikwa. Mwaka huo wa 1997 kabla ya uchaguzi wabunge wa KANU, chama tawala, na wa upinzani walikaa pamoja kwenye lile kundi la IPPG wakazibadilisha zile sheria za kikoloni, laiseni ikatolewa ikawekwa notisi. Zaidi ya miaka 25 sasa. Lakini baba yangu mpaka leo akisikia watu watatu wamesimama wanazungumza siasa yeye hushusha sauti, na hakuna aliyemwambia ashushe.

Sasa niwape kisa chenyewe, ambacho ndicho kilinifundisha mimi.

Mwaka jana kina mama wa mtaa mmoja hapa kisiwani walichoka na maji. Mnajua maji yetu yatoka visima vya kule michanga ya Shela, na msimu wa kiangazi ukiwa mrefu yanaanza kuwa na chumvi, chai haiiviki, nguo hazitoi povu. Walikwenda ofisi inayohusika mara tatu wakaambiwa waandike barua, wakaandika, barua haikujibiwa. Wakasema basi tutatembea. Wakaja kwangu, nkawaandikia notisi, kopi tatu, nkawasindikiza mwenyewe kwenye kituo kimoja cha polisi hapa kaunti, sitakitaja.

Tulikuwa watu watano. Mimi, mama wanne, na mmoja wao bi mkubwa wa miaka kama sabini muuza mahamri, yeye ndiye aliyeweka jina lake kwenye barua manake alisema watoto wangu washakuwa wakubwa, hawana la kunitisha nalo. Tukaingia saa mbili na nusu asubuhi. Tukaambiwa tukae kwenye benchi. Tukakaa. Saa nne afande akatuita mezani, akaisoma barua polepole na kidole, mstari kwa mstari, halafu akaigeuza akatazama nyuma ambako hakuna kitu. Akauliza, nani amewapa kibali?

Nkamwambia afande hatuna kibali, hiyo ni notisi, twaomba utupigie muhuri kwenye kopi yetu ya kwamba umepokea.

Muhuri ulikuwa hapo mezani. Nawaeleza hivi kwa sababu mpaka leo nauona. Ule wa mbao wenye kishikio cheusi, kando yake kibati cha wino wa zambarau kiko wazi, wino umekauka pembeni umebaki katikati. Yeye akauchukua ule muhuri, tukadhani apiga, akaufungua mtoto wa meza akautia ndani, akafunga. Akasema mkubwa hayuko, mrudi Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku tuliyoandika ya kuandamana. Yaani turudi siku yenyewe kisha tuambiwe hamkuleta notisi siku tatu kabla. Hakutupigia kelele hata kidogo, hakututukana, alikuwa mpole kabisa, na kwa upole wake huo tungetoka pale hatuna kitu mkononi na sheria imevunjwa na sisi ndio tungeonekana wavunjaji.

Mimi nlinyamaza. Nasema kweli, nlikuwa tayari kuondoka. Yule bi mkubwa ndiye aliyesogea mezani akaweka mkono juu ya ile barua, akamwambia, "Mwanangu, hatukuya kupija hodi. Hodi hupijwa mlangoni kwa mtu, akitaka akukaribishe asitake akunyamalie. Sisi twapita ndiani, na ndia si nyumba ya mtu. Tumekuya kutowa salamu tu, yuwa kwamba twapita."

Afande akamtazama. Bi mkubwa akaendelea, "Na salamu hujibiwa."

Hapo pakawa kimya, feni tu yazunguka. Akafungua mtoto wa meza, akautoa muhuri, akapiga, akaandika tarehe na saa, akasaini. Sitaki kumpaka matope mtu huyu, huenda naye ana mkubwa wake aliyemwambia asipokee kitu chochote. Lakini ningekuwa peke yangu na kifungu changu cha 5 mfukoni ningerudi nyumbani mikono mitupu, manake nlikuwa naijua sheria kama maneno tu, na yule bi mkubwa hajui kifungu hata kimoja alikuwa anaijua kama adabu. Notisi ni salamu. Ukimpitia mtu barazani kwake unamsalimia, ni haki yake kujua nani anapita, na unamsalimia ili asishtuke, lakini humuulizi kama upite au usipite. Tangu siku hiyo kila mtu namueleza hivyo na wanaelewa mara moja, watu wa Amu hakuna asiyejua tofauti ya hodi na salamu.

Lakini kituoni ndiko kulikuwa rahisi. Ugumu ulikuja kwenye simu.

Tulitengeneza posta, kitu kidogo tu, siku, saa, tunaanzia wapi, leta dumu lako tupu. Ikawekwa kwenye grupu la mtaa la WhatsApp, watu mia mbili na zaidi. Magharibi yake admini akapigiwa simu na mtu wa ofisi fulani, hakumtisha, alimwambia tu "jina lako ndilo liko juu ya grupu hilo, ni vizuri ujue." Maneno hayo tu. Baada ya isha admini akafuta ile posta, akafunga grupu wabaki maadmini peke yao wa kuandika, akatuma sauti anaomba radhi, sauti yenyewe yatetemeka. Halafu wakaanza kutoka. Mnajua ile mistari ya kijivu inayoonyesha fulani amejiondoa, nlikuwa nimelala nimeshika simu gizani natazama mistari inashuka mmoja baada ya mwingine, jina, jina, jina, watu ninaowajua, mwenye duka la unga, nahodha, binti ya jirani, binamu yangu mimi. Hakuna aliyeshikwa. Hakuna aliyeitwa kituoni. Hakuna sheria iliyotumika wala kesi ambayo ungeweza kuipeleka kwa jaji. Mpaka asubuhi watu karibu thelathini walikuwa wametoka kwenye grupu la kuzungumzia maji ya chumvi.

Na siwezi kuwalaumu. Hao ni watu wana watoto, na wanaona yanayotokea nchini. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye X kuhusu mkubwa wa polisi, akapelekwa mpaka Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi kituo cha Central, na daktari alipompima maiti akasema majeraha yake si ya mtu aliyejiumiza mwenyewe. Maafisa wakaja wakashtakiwa kwa mauaji lakini mama yake ameshazika. Mwezi huohuo tarehe 25 watu walipotoka kuwakumbuka waliouawa 2024 kwa ajili ya Mswada wa Fedha, serikali ikaamuru televisheni na redio zisionyeshe maandamano moja kwa moja, baadhi ya vituo vikazimwa hewani mpaka Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo. Sisi hapa tulikuwa tumekaa barazani na tivi imewekwa dirishani tunatazama, ghafla kioo kikawa cheusi, na mzee mmoja akasema watu wamekufa. Hakuwa ameona kitu. Alijua tu kwamba wakizima ndio kuna wanaokufa, na siku hiyo walikufa watu kweli.

Nawaambia haya ili muelewe kwamba mama wa huku Amu akimwambia mwanawe futa hiyo posti, hiyo si woga wa bure.

Na nitasema na upande wa pili kwa sababu naujua, nimeuishi. Kuna watu watasema Lamu si mahali pa kuchezea usalama. Ni kweli. Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya karibu waliuawa watu zaidi ya 60, wengine walitolewa majumbani mwao usiku mbele ya wake zao. Serikali ina haki ya kuogopa na ina wajibu wa kulinda, na Katiba yenyewe kifungu cha 33 inakataza kuchochea vita na fujo na kueneza chuki, mimi sina neno na hilo, anayesimama kwenye jukwaa aseme kabila fulani watolewe kwa mapanga huyo hana uhuru wa kusema anaoutetea. Na anayeingia maandamanoni akavunja duka la mtu ni mwizi, ashtakiwe kama mwizi. Sheria pia inaruhusu polisi kuzuia mkusanyiko kama kuna hatari ya wazi ya fujo iliyo karibu kutokea. Sawa.

Lakini tazameni woga huo ulivyotumika. Baada ya Mpeketoni ikaja kafyu, jioni mpaka asubuhi, na wavuvi wakakatazwa bahari usiku. Kafyu ikaondoka, marufuku ya uvuvi wa usiku ikabaki kwa miaka. Mjomba wangu ni mvuvi, mtu wa jarife na karabai, yaani wavu na taa, kazi yake yote ni usiku, hakuwahi kushika hata kisu cha kugombana, akauza chombo chake akawa anabeba mizigo gatini. Ikiwa kulikuwa na mtu aliyekuwa na haki ya kusimama mbele ya ofisi na bango ni yeye. Hakusimama. Nlimuuliza kwa nini, akasema wangesema mimi ni mmoja wao. Wao nani hakuwataja.

Na si kweli kwamba kusema hakuleti kitu, hilo nalo nalikataa. Makaa ya mawe yako wapi? Walitaka kujenga kiwanda cha umeme cha megawati 1,050 kule Kwasasi, karibu na mji wetu huu wa kale ambao tangu 2001 uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watu wa hapa walitembea, walikutana, walivaa fulana, walikwenda mpaka Nairobi, na wapo waliotishwa na kushikwa, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika habari zao 2018. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) likafuta leseni ya kiwanda, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari mpya, na hapo pia ikasema watu hawakuulizwa. Mara mbili kesi za Lamu zimesikizwa na mara mbili jibu limekuja lilelile, hamkuwasikiliza hawa watu. Sasa sisi wenyewe tunaandika barua za kuomba turuhusiwe kusikika.

Na kabla yetu pwani hii kuna waliolipa zaidi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka 22 alipoandika karatasi ya kuuliza nchi inaelekea wapi, akafungwa miaka 3 tangu 1969, na akiwa ndani akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Sisi watu wa mashairi, hilo tusilisahau.

Basi Alhamisi ikafika. Tulitarajia watu mia, wakaja kama arubaini, karibu wote wanawake, mabuibui meusi na madumu ya manjano ya lita 20 mikononi. Tulianzia Langoni tukapita Usita wa Mui, njia yenyewe mnaijua, watu watatu wakienda sambamba washaijaza, punda wakitokea mbele lazima mtu abanane na ukuta. Hakukuwa na spika wala firimbi. Sauti ilikuwa ya madumu matupu yanagongana, du du du, na kwa sababu njia ni nyembamba na kuta ni ndefu sauti ile ilikuwa inapanda juu mpaka kwenye madirisha, wanawake wakawa wanachungulia, na wapo walioshuka. Nlihesabu saba walioshuka na madumu yao baada ya kutusikia. Polisi walikuwa sita, walitufuata nyuma, mmoja akawa anamsaidia mtoto kubeba dumu lililomwangukia, hilo nililiona na nalisema.

Tukafika Mkunguni mbele ya Ngome. Ngome hiyo ilikuwa jela tangu siku za Muingereza mpaka 1984, wazee waliokuwa wamekaa pale chini ya miti wapo wanaokumbuka wafungwa wakitolewa. Bi mkubwa akasimama mbele ya zile ngazi akasoma malalamiko, dakika nne hazikufika, hana miwani mizuri alikuwa anarudia mistari. Mtu wa ofisi akaja akapokea, akasaini kopi. Saa tano unusu kila mtu alikuwa kwake. Maji bado hayajawa matamu, siwadanganyi, walileta matangi mawili na wakachimbua bomba moja, kiangazi kikirudi ndio tutajua. Lakini wale thelathini waliojiondoa kwenye grupu, zaidi ya nusu walirudi wiki hiyohiyo, na admini akalifungua.

Sasa narudi kwa kijana wangu. Shida yake ni basari, wanafunzi wametumiwa barua kwamba wamepewa na shuleni pesa hazijafika, watoto wanarudishwa nyumbani. Nlipomaliza kumueleza alinyamaza kidogo, akaniuliza sasa juu tuandike nini? Nkamwambia sema wewe mimi natype. Akafikiri, akasema andika, YAH: NOTISI YA MAANDAMANO YA AMANI. Mstari wa kwanza ukaanza na "Twakuarifu." Nkatoa kopi tatu, sikumchaji.

Anaipeleka Jumatatu saa mbili asubuhi. Jana nlimpitia bi mkubwa kwenye mahamri yake nkamwambia, akasema atakwenda naye, na atabeba ile kopi yake ya mwaka jana yenye muhuri, ameitia kwenye plastiki ameiweka kashani pamoja na hati ya nyumba. Saiba itafungwa mpaka adhuhuri siku hiyo, nami ntakuwa nao pale kwenye benchi. Aliye na nafasi aje, benchi ni refu.